Mashine ya Wageni

Meza haikuwa na soketi. Inspekta Sixbert Shilinde aliizunguka mara ya pili, akainama, akapapasa ukuta kwa nyuma, akachungulia hata chini ya dirisha. Hakuna kitu. Soketi pekee ya chumba kile ilikuwa kule mlangoni, na nyaya zake zilikuwa zimechomoza nje na kufungwa kwa selotepu.

"Mashine ilikaa hapa?" aliuliza.

"Hapo hapo," alijibu Dk. Octavian, mkuu wa Kitivo cha Sayansi za Afya katika Chuo Kikuu cha Kazeh. "Mashine ya kuzungushia damu. Ya kisasa kabisa. Kwa sasa iko matengenezo."

"Ilikuwa inatumia umeme wa wapi?"

"Tulikuwa na waya wa ekstensheni."

"Uko wapi huo waya?"

"Nao uko matengenezo."

Haya bwana! Shilinde alikuwa amefanya upelelezi miaka mingi, ameshadanganywa na wezi wa ng'ombe, na wauza bangi, na mchungaji mmoja, lakini waya wa ekstensheni uliolazwa kwa fundi ulikuwa mgeni kwake. Aliandika neno moja, akafunga kalamu.

Kilichomleta chuoni hapo hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo. Mwezi uliopita, katika kituo kimoja cha afya cha watu binafsi upande wa Usinge, mama mmoja aliyeitwa Tekla, mke wa mkulima wa tumbaku, alijifungua salama kisha akaanza kutokwa damu. Akaongezewa damu. Damu ile ilikuwa ya grupu A na yeye alikuwa O. Alitetemeka, akalalamika mgongo, akafa mbele ya mumewe, na mtoto hajapewa hata jina. Aliyempima ni Advera, mtaalamu wa maabara, mhitimu wa chuo hiki hiki. Sasa Advera alikuwa nyumbani kwao Kwihara kwa dhamana ya polisi, na jalada lake lilitakiwa kwa wakili wa serikali Ijumaa. Likisema binti aliijua kazi yake akaifanya ovyo, anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Likisema hakufundishwa, basi kuna watu wengine wa kuulizwa. Leo ilikuwa Jumatano.

"Daktari," Shilinde alisema, akivuta stuli, "mnajuaje kama mnawafundisha sawasawa hawa vijana?"

Hapo uso wa Dk. Octavian uling'aa. Swali hilo alilipenda, na jibu lake alikuwa nalo siku zote.

"Tunajitathmini, Inspekta. Kila programu inajikagua yenyewe kila baada ya miaka kadhaa. Idara inakaa chini inajiuliza, lengo letu nini, tunalifikia vipi, ushahidi uko wapi. Wanafunzi wanajaza dodoso. Tunawauliza wahitimu, tunawauliza waajiri. Tukishaandika ripoti yetu tunaita jopo la nje, wasomi wa vyuo vingine. Wanalala hapa, wanakagua maabara, wanazungumza na wanafunzi sisi tukiwa hatupo. Hakuna kinachofichwa."

"Na programu ya maabara ilipata nini?"

"Nzuri sana. Ndiyo alama ya juu."

"Hao wa jopo anawachagua nani?"

"Sisi tunapendekeza majina. Ndio utaratibu, Inspekta, kila mahali."

"Waajiri mliowauliza?"

"Waliopatikana."

"Maana yake?"

Dk. Octavian alikohoa kidogo. "Watu wana shughuli zao. Wawili watatu ni wahadhiri wetu wa muda, wana vituo vyao vya afya. Wakaja kama waajiri."

"Na jopo lilipozungumza na wanafunzi, ninyi mlikuwa wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

Dk. Octavian alinyoosha kidole kwenye kibaraza. Kibaraza chenyewe kilikuwa chini ya dirisha, na dirisha halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu wa mbu tu. Kutoka pale mtu angesikia hata anayenong'ona. Shilinde alilitazama dirisha, akamtazama msomi, akaona mtu huyu hasemi uongo. Octavian aliamini kwamba alikuwa nje, na kweli alikuwa nje.

"Mashine iko kwa fundi gani?"

"Jina limenitoka. Fundi wa mjini."

Kwa mpelelezi, fundi asiye na jina ana maana moja tu. Mashine imeibwa, imeuzwa, na bosi analijua hilo au anamkinga aliyefanya. Shilinde alipanda pikipiki yake akiwa na hamu ya kazi kwa mara ya kwanza tangu apewe jalada lile. Wizi alikuwa anaujua. Wizi una mwizi, una mnunuzi, una pingu mwisho wake.

Mafundi wa vifaa vya hospitali mjini Tabora hawazidi vidole vya mkono. Shilinde aliwapitia mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Shaban, aliyekuwa amekaa mbele ya duka lake karibu na soko akifungua tumbo la mashine ya kupima presha.

"Chuo cha Kazeh?" Shaban aliguna. "Hawajaniletea hata feni, afande. Lakini stika yao nimeiona. Kwenye mashine ya kuzungushia damu, pale hospitali ya misheni ninapokwenda kufanya sevisi. Nikashangaa, nikasema kumbe siku hizi chuo kinagawa mali."

"Kwa nani hapo?"

"Maabara. Kwa Bi Batuli."

Bi Batuli Uwesu, mkuu wa maabara ya hospitali hiyo, alikuwa mama wa mjini hasa, mtandio umekaa sawa juu ya koti jeupe, manukato ya udi yanashindana na harufu ya spiriti. Mashine ilikuwa mezani mbele yake ikinguruma. Ubavuni, stika nyekundu ilisomeka vizuri bila kuvaa miwani: MALI YA CHUO KIKUU CHA KAZEH.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Unapima nini?"

"Sipimi. Natoka upelelezi mkoa. Mashine hii ya nani?"

"Yetu."

"Mbona imeandikwa ya chuo?"

Bi Batuli aliinama akaiona stika. Akaangua kicheko mpaka akavua miwani kufuta macho. "Ala! Bado ipo? Nilisema ibanduliwe hii, jamani, nilisema!"

Shilinde hakucheka. Mkono wake ulikuwa tayari uko karibu na pingu. "Mama, kuwa na mali ya taasisi iliyoandikwa hivyo ni jambo zito."

"Zito nini, mwanangu? Mashine ni yetu tangu ilipofika. Walikuja kuazima. Walikuwa na wageni."

"Wageni gani?"

"Si hao wa kukagua masomo. Jopo sijui. Octavian alikuja hapa mwenyewe, kwa heshima zake, akasema Bi Batuli, wageni wanakuja na nyumba yangu tupu. Basi tukampa mashine, tukampa darubini, tukampa na jokofu dogo na makoti ya wanafunzi. Wakabandika stika zao ili kupendeze. Wageni walipoondoka wakarudisha kila kitu salama salimini, na keki juu."

"Mliandikishana?"

Bi Batuli alimtazama kama anamwonea huruma. "Kwenu mkipata wageni, jirani akaja kuomba sahani na viti, mnamwandikisha?"

Shilinde alikumbuka ya kwake. Juzi tu, wakwe walipokuja nyumbani kwake kwa mambo ya posa ya binti yake, masofa yalitoka nyumba ya pili na birika la chai nyumba ya tatu, na hakuna mkwe aliyejua. Mkewe alisifiwa kwa nyumba nzuri. Yeye mwenyewe alilibeba lile birika.

"Wageni wakikuta nyumba tupu," Bi Batuli aliendelea, "aibu inatupata mtaa mzima. Watasema Tabora hakuna chuo. Ningemnyima vipi?"

Basi wizi ukafia hapo. Shilinde alitoa mkono kwenye pingu, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa wa kutolewa damu. Hapakuwa na mwizi wala mnunuzi. Palikuwa na majirani wema.

"Wanafunzi wao walikuwa wanakuja hapa kujifunza?"

"Wangekuja wapi, chumba chenyewe hiki? Kuna binti mmoja tu aliletwa. Nikakaa naye alasiri moja. Walisema jopo litaomba kuona mwanafunzi akifanya kazi, basi aandaliwe. Nikamwonyesha namna ya kulinganisha damu ya mgonjwa na ya anayemtolea. Jamani, yule mtoto ana mikono! Nilitamani abaki hapa."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza. Nilimwita mwanangu."

"Ulimfundisha yote?"

Bi Batuli aliizima mashine. Chumba kikawa kimya ghafla. "Nilimfundisha walichoniomba. Nikachagua damu mbili zinazopatana, yasije yakatokea mambo mbele za watu."

"Zisizopatana hakuziona?"

"Siku ile hapana. Nilijua hayo atayaona chuoni."

Shilinde alifungua maelezo ya Advera ya siku ya kwanza, yale aliyoyaandika akiwa bado analia. Akasoma kwa sauti: tone la damu ya mgonjwa nililichanganya na dawa, nikaenda kumsaidia nesi kushika drip, niliporudi nikaona limeganda pembeni, nikajua ni A. Nikalinganisha na damu ya shemeji yake aliyejitolea, nikaona ni sawa.

Bi Batuli alifunika mdomo kwa mkono. Muda ule wote alikuwa mtu wa mzaha, sasa mzaha ukamtoka.

"Halikuganda," alisema. "Lilikauka. Tone ukiliacha linajikunja pembeni, mgeni wa kazi anaona limeganda. Lililoganda kweli linashikana vipunje vipunje katikati, ukiliona mara moja hulisahau mpaka unakufa."

"Na usipoliona hata mara moja?"

Mama yule alianza kubandua stika kwa ukucha, ikachanika, akaendelea kuikwaruza.

"Mama, nitahitaji maelezo yako."

"Nimefanya kosa gani?"

"Sijasema umefanya kosa."

"Basi andika nilimsaidia jirani," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ndiyo kweli yenyewe. Andika hivyo."

Alhamisi asubuhi Shilinde alikwenda Kipalapala. Mwenyekiti wa lile jopo, Profesa Damas, alikuwa amestaafu na kujenga huko, ng'ambo ya mashamba ya seminari, na alikutwa zizini akimkamua ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya darasani. Hakuinuka.

"Najua kilichokuleta," alisema kabla ya kuulizwa. "Nimesikia habari za Usinge. Niulize kuhusu soketi."

Shilinde alishtuka. "Uliiona?"

"Mimi si kipofu. Meza iko kule, umeme uko huku. Chini ya mashine hakuna hata vumbi la kukaa. Jokofu lina stika mbichi, gundi bado inanata kidoleni. Nilijua limeingia jana yake."

"Kwa nini hukuandika?"

"Sikutaka kuandika hisia. Tathmini inataka ushahidi. Nikasema, sawa, vitu vinaweza kuwa vya kuazima, lakini je, mwanafunzi anajua kazi? Hilo ndilo la msingi. Nikaomba mmoja aje aonyeshe, tena nikasema aje sasa hivi, wasipate nafasi ya kupanga. Wakamwita binti mmoja aliyekuwa amekaa mbele. Bwana wee! Alifanya kazi ile bila kutetemeka, anaeleza kila hatua, hajaangalia karatasi. Nikamuuliza, mnaitumia mara ngapi mashine hii? Akanijibu kila wiki, Profesa. Wasiwasi wangu wote ukaisha. Nikasimama nikampongeza mbele ya watu."

"Jina lake unalikumbuka?"

"Nitalisahau vipi? Advera."

Ng'ombe alipiga mkia. Maziwa yaliendelea kuchuruzika ndooni, na Shilinde akabaki ameshika nguzo ya zizi. Tangu jana alikuwa anamtafuta mwanafunzi aliyepangwa ili awe shahidi wa kumwokoa Advera. Kumbe shahidi ni Advera mwenyewe, na alichoshuhudia kilikuwa uongo.

"Profesa, ungeomba damu zisizopatana mambo yote yangeonekana."

"Nimeliwaza hilo kila siku tangu nisikie." Profesa aliacha kukamua. "Nilikuwa mgeni, Inspekta. Walinipokea, wakanilisha vizuri, wakaniita baba. Ningeanzaje kuinuka mezani niende jikoni kufunua masufuria? Halafu mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya programu yangu kule nilikokuwa nafundisha. Unadhani nani alikuja kutukagua?"

"Dk. Octavian."

"Yeye. Na sisi tulikuwa tumeazima vitabu. Maktaba tuliijaza kwa lori. Akatembea kati ya zile rafu, akatoa kitabu kimoja, akakuta mhuri wa chuo kingine, akakirudisha taratibu, akaniambia hongereni. Tukapata nzuri sana."

Hakuona aibu kusema, au labda aibu ilikuwa imeshapita kiasi cha kuonekana. Shilinde alimuuliza kama yuko tayari kuyasema hayo mahakamani.

"Yote. Nimestaafu, naogopa nini? Lakini uelewe. Nikiulizwa kama binti yule aliijua kazi, nitasema aliijua. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Siwezi kudanganya tena kwa ajili ya mtu, hata kama ni kumsaidia."

Shilinde alisimamisha pikipiki kando ya barabara akampigia simu wakili wa serikali, mwanamke aitwaye Shukrani, mtu wa maneno machache na asiyependa kupoteza muda. Alimweleza yote. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya kurasa zikifunuliwa.

"Kuazima si kosa," alisema Shukrani. "Kujitathmini na kujipa alama nzuri si kosa. Jopo lilifuata utaratibu, chuo kilifuata utaratibu. Nikimpeleka Octavian mahakamani nitamshtaki kwa lipi? Kwa kupokea wageni?"

"Kuna mtu amekufa, mheshimiwa."

"Ndiyo, na aliyempima ana shahada na ana profesa wa kumtetea kwamba alikuwa hodari. Huo utetezi ndio utakaomfunga. Nisikilize, Shilinde. Nipe kitu kimoja. Maelezo yake yeye mwenyewe kwamba hakufundishwa, kwamba alipangwa aonyeshe kitu kimoja mbele ya jopo na akaambiwa aseme ni kila wiki. Akitoa hayo, yeye namfanya shahidi, uchunguzi narudisha chuoni, na wote waliohitimu naye wanaitwa kupimwa upya. Asipoyatoa, kesho nasaini hati ya mashtaka. Mikono yangu imefungwa."

"Atayatoa," alisema Shilinde. Alikuwa na hakika kabisa. Nani angekataa mlango ulio wazi?

Ijumaa mapema aliipita njia ya zamani ya misafara, akakipita na kibao cha kuelekeza watalii kwenye tembe la Livingstone, akaingia Kwihara. Mama yake Advera, Bi Martha, alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Mwangaluka, mama," alimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti." Alimwita bintiye kwa sauti ya chini, kama vile ndani kuna mgonjwa.

Advera alitoka na khanga begani. Alikuwa amekonda tangu Shilinde amwone mara ya mwisho. Akamwamkia, akakaa kwenye mkeka karibu na mama yake, akaanza naye kupukuchua. Mikono yake kweli ilikuwa mizuri, myepesi, haikosei punje.

Shilinde alimweleza polepole. Alimwambia kuhusu stika, kuhusu Bi Batuli, kuhusu zizi la Kipalapala. Alimwambia maneno ya wakili, neno kwa neno. "Advera, mara ngapi uliigusa ile mashine ukiwa mwanafunzi?"

"Mara mbili. Kwa Bi Batuli, na mbele ya jopo."

"Wenzako?"

"Hawakuigusa. Walisaidia kuibeba."

"Kwa hiyo ile ya kila wiki?"

"Dk. Octavian alituomba jana yake. Alisema wageni wakituona hatuna kitu, programu itafungwa, na sisi tulikuwa mwaka wa mwisho. Wenzangu wote wakaniangalia. Ningesemaje, afande?"

"Sasa ndiyo nafasi ya kusema. Ni haya haya uliyoniambia, nayaandika, unasaini, jioni hii wewe ni shahidi, si mshtakiwa. Na hao wenzako wako wapi?"

"Wamesambaa. Kaliua, Urambo, Sikonge, Nzega. Wengine zahanati wako peke yao."

"Wanapima damu?"

"Wanapima."

Shilinde aliona amepata pa kushika. "Basi umeona. Ukikaa kimya wanaendelea kupima. Watakufa akina Tekla wengine."

Advera aliacha mahindi. Bi Martha akamwekea mkono gotini. "Nimeshawapigia simu, afande. Nimewaambia wasiache tone likakauka. Wengine walishukuru. Wengine walinikatia simu. Mmoja aliniambia usituharibie."

"Simu haitoshi. Andika."

"Nikiandika sikufundishwa," alisema Advera, na sasa alikuwa anamtazama usoni, "mimi ninakuwa nani? Siku ile yule mama alinishika mkono. Aliniuliza, daktari, nitapona? Nikamwambia utapona, mama, kazi hii naijua. Nikisema leo sikuijua, basi nilikuwa tapeli pale kitandani. Alikufa mkononi mwa tapeli. Afadhali niwe mtaalamu aliyekosea, afande. Wataalamu hukosea. Nitafungwa kwa kosa, sitafungwa kwa utapeli."

"Huyo tapeli si wewe! Ni wao waliokufanya hivyo!"

"Lakini aliyemwambia Profesa kila wiki si wao. Ni mimi."

Shilinde alimgeukia mama. Alikuwa anaomba, hakuona haya kuomba. "Mama, mwambie mwanao. Hii ni miaka ya jela."

Bi Martha alikuwa analia bila sauti huku mikono inaendelea na kazi. "Nimwambie nini, baba? Siku ya mahafali yake Kwihara yote ilikuwa uani hapa. Watoto wa jirani wanaletwa kwake wakiugua, wanamwita daktari. Nimesema naye usiku kucha ayaseme ya chuoni. Huyu ndiye, hageuki."

Jua lilikuwa limeshapanda, na wakili alikuwa anasubiri mjini. Shilinde alijaribu tena, akabembeleza, akatisha, akapandisha sauti mpaka kuku wakakimbia, kisha akaishiwa. Hakuna sheria ya kumlazimisha mtu ajiokoe. Aliitandaza karatasi gotini, akaandika jina, umri, dini, mahali anapoishi, akafika kwenye mstari wa elimu na kazi.

"Niandike nini hapa?" aliuliza, sauti yake imeshuka kabisa.

"Andika nilifundishwa Chuo Kikuu cha Kazeh."

Akaandika. Akamsomea. Advera alisikiliza huku akiitazama karatasi, akatikisa kichwa.

"Ongeza 'vizuri'," alisema.

Shilinde akaongeza.